Kuhamisha Meza Nzito Bila Kuumia
Na Mwanafunzi wa Zamani



Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba niwaandikie habari za kazi yangu, ambayo ni kuhamisha vitu vizito hapa mjini Juba. Kwanza nilidhani anafanya mzaha. Nani atakayependa kusoma habari za kubeba makabati na majokofu? Lakini aliponieleza sababu yake, nilikubali mara moja.

Wenzetu waliomaliza shule wamechanga fedha wakanunua meza ya pool iliyokwisha kutumika, ili iwekwe katika chumba cha michezo cha wanafunzi. Meza yenyewe bado iko upande wa Konyo Konyo, nayo yangoja kuletwa. Na vijana wa darasa la mwisho wamesikika wakisema, "Sisi tu watu thelathini. Tutaiinua mabegani na kuileta tukiimba."

Vijana hao nawapenda kwa moyo wao, lakini sharti niwaambie jambo. Nilipoanza kazi hii tulikuwa sita, na siku moja tulitumwa kuhamisha meza kama hiyo hiyo. Hatukufungua hata skrubu moja. Tuliiinua nzima ilivyo, tukaifikisha kwenye mlango wa nyuma wa lori. Hapo mmoja wetu akapiga kelele kwa Kiswahili, "Simama!" Mwingine, ambaye alikuwa hajui Kiswahili, akadhani ameambiwa asukume, naye akasukuma kwa nguvu zake zote. Pembe moja ikateleza ikamwangukia mwenzangu mguuni, naye alikuwa amevaa ndala. Alipoteza vidole vitatu. Kabla ya siku ile alikuwa mchezaji hodari wa mpira, winga ya kushoto; tangu siku ile hakucheza tena.

Kwa hiyo nisomeni kwa makini. Mambo nitakayoyaeleza si magumu, na mengi yao mmekwisha kuyasoma katika somo la fizikia, ila labda hamkujua kuwa yana kazi nje ya mtihani.

Uzito wa meza watoka wapi?

Meza ya pool ya kawaida, ile ya futi saba tunayoiona barazani na madukani, yaweza kufika kilo 300 hivi. Mtu akiitazama haamini, kwa maana huona mbao na kitambaa cha kijani tu. Siri iko chini ya kitambaa. Pale pamelazwa bamba la jiwe liitwalo sleti, jiwe la namna ile ile lililotumiwa kutengeneza vibao vya kuandikia katika shule za zamani. Jiwe hili huchaguliwa kwa sababu laweza kusawazishwa vizuri sana, wala halipindi kwa joto na unyevu kama mbao zipindavyo.

Haya, chukueni kalamu. Tuseme bamba lina urefu wa sentimita 200, upana wa sentimita 105 na unene wa sentimita 2. Zidisheni, mtapata sentimita za ujazo 42,000. Kila sentimita ya ujazo ya sleti ina uzito wa gramu 2.7 hivi. Zidisheni tena, mtapata gramu 113,400, yaani kilo 113 na kitu. Jerikeni ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Basi bamba hilo peke yake ni kama jerikeni sita kasoro kidogo, na meza nzima ni kama jerikeni 15 zilizofungwa pamoja.

Je, watu wengi si nguvu nyingi?

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Wataalamu wa usalama wa kazi wa Uingereza hutaja kilo 25 kuwa kiasi cha kukadiria kwa mwanamume mzima, tena akiwa ameshika kitu karibu na mwili wake, kwa urefu wa kiuno. Akikishika mbali na mwili, au akiinua kutoka chini kabisa, kiasi hicho hupungua sana. Na kijana ambaye mifupa yake bado inakua asijipime kwa kipimo cha mtu mzima.

Sasa tazameni ajabu. Mtu mmoja akiwa na kilo 25, twadhani wawili watakuwa na 50 na watatu 75. Sivyo. Wataalamu hao hao husema kuwa watu wawili wahesabiwe theluthi mbili tu ya jumla yao, yaani kilo 33. Na watatu wahesabiwe nusu, yaani kilo 37. Kwa nini? Kwa sababu watu hawalingani kimo, hawapigi hatua pamoja, na kila mmoja humzuia mwenziwe asione mbele wala asisimame vizuri. Mmoja akijikwaa, uzito wake huwahamia wengine kwa dakika hiyo hiyo, nao hawakujiandaa. Tena, watu thelathini watashika wapi? Meza ina pande nne tu. Kumi watashika, ishirini watakanyagana.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama kando huona ni mwepesi. Aliye chini yake ndiye ajuaye.

Somo la Gondokoro

Ikiwa kitu hakibebeki kizima, tufanye nini? Jibu la swali hili liko karibu nasi sana, ng'ambo ya mto, huko Gondokoro. Mwezi wa Aprili mwaka 1871 Samuel Baker alifika pale akitumwa na mtawala wa Misri. Alikuja na meli za chuma zilizofunguliwa vipande vipande, kusudi zivushwe nchi kavu na kuunganishwa upande wa juu wa mto, kwa kuwa hakuna meli iwezayo kuyapita maporomoko yaliyo kati ya hapa na Nimule. Baker hakupata watu wa kutosha wa kubeba, akaviacha vipande vyake Gondokoro. Miaka iliyofuata, katika zamani za Gordon, vipande vilichukuliwa kwa nguvu za watu kupita nchi kavu hadi Dufile, na huko vikaunganishwa tena vikawa meli. Meli nzima isingeweza kwenda hata hatua kumi. Vipande vyake vilikwenda safari yote.

Mfano mwingine watoka Tanzania. Meli iitwayo Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilipokwisha kujengwa ilifunguliwa yote, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha ikapelekwa Kigoma. Iliteremshwa katika Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari mwaka 1915. Ikiwa meli nzima iliweza kufunguliwa na kufungwa tena, meza ya pool itatushindaje? Bandu bandu huisha gogo.

Kabla ya kugusa meza

Kwanza, itazameni njia. Pimeni upana wa mlango wa kutokea na wa kuingilia. Hesabuni vidaraja vya mlangoni. Tazameni kama pana jiwe, shimo, kamba ya nguo au waya wa umeme. Tangu Aprili hadi Oktoba mvua hunyesha Juba, na udongo wetu ukilowa huteleza kama sabuni. Basi kama mvua imenyesha usiku, ahirisheni. Meza haitaoza. Pimeni pia mahali itakapowekwa, mkikumbuka kuwa mchezaji ahitaji nafasi ya kurudisha fimbo nyuma pande zote.

Pili, vaeni viatu vilivyofunika mguu wote. Mwenye ndala aje kutazama, asishike. Pete na saa zivuliwe. Glavu za kazi zikipatikana, zivaliwe, maana ukingo wa sleti hukata.

Tatu, chagueni msemaji mmoja. Hapa Juba kundi moja la wabebaji laweza kuwa na mtu asemaye Kiarabu cha Juba, mwingine Kiswahili alichokileta kutoka Kakuma au Kampala, mwingine Kibari, mwingine Kidinka. Ni jambo zuri katika mazungumzo, lakini chini ya mzigo ni hatari. Kwa hiyo patanani maneno matatu tu kabla ya kuanza: la kuinua, la kusimama, na la kuweka chini. Yawe ya lugha yoyote, mradi yasifanane kwa sauti, na kila mtu ayarudie mara tatu. Msemaji hashiki mzigo. Kazi yake ni kuona na kusema. Lakini neno la kusimama ni la watu wote: yeyote aonaye hatari alitamke, na wote watii bila kuuliza.

Kuifungua meza

Toeni mipira na fimbo. Kisha fungueni mbao za kandokando, zile zenye mpira unaorudisha mipira ya mchezo. Bolti zake hufunguliwa kutoka chini. Tieni bolti katika mfuko na kuandika jina la mahali zilipotoka. Mtu asitegemee kumbukumbu yake. Nimewahi kuona meza ikikaa miezi miwili bila kuchezewa kwa ajili ya bolti nne zilizopotea.

Baada ya hapo fungueni skrubu zinazoshika sleti. Bamba hili lihitaji heshima. Jiwe la sleti ni gumu, lakini halipindi. Likibebwa kwa ubapa na kushikwa ncha mbili tu, uzito wake wenyewe waweza kulipasua katikati. Wekeni watu wazima wanane kulizunguka, watatu kila upande mrefu na mmoja kila ncha, hivyo kila mtu apata kilo 14 na kitu. Hatua mbili tatu tu zinatosha. Liwekeni juu ya blanketi zilizokunjwa kwa ukingo wake mrefu, lisimame kama mlango au kioo kikubwa kisimamavyo. Likisimama hivyo halipasuki kwa urahisi. Kisha liwekeni juu ya kigari kifupi chenye magurudumu, watu wawili kila upande wakilishikilia lisianguke. Magurudumu ndiyo yatakayobeba; watu ni wa kuongoza. Tena asisimame mtu mahali ambapo bamba likianguka litamlalia.

Baada ya sleti kutoka, lililobaki ni sanduku la mbao na miguu yake minne. Lilazeni ubavuni taratibu, fungueni miguu, na hapo kazi imekuwa nusu.

Namna ya kuinua

Kila ainuaye asimame karibu na mzigo, miguu yake ikiachana kwa kadiri ya mabega, mmoja umetangulia kidogo. Akunje magoti, mgongo ubaki umenyooka, ashike vizuri, kisha ainuke kwa nguvu za mapaja. Misuli ya mapaja ni mikubwa. Ile ya kiunoni haikuumbwa kwa kazi ya winchi. Mzigo ukae karibu na kifua. Akitaka kugeuka, ageuze nyayo zake, asisokote kiuno, kwa sababu kusokota kiuno huku umebeba ndiko kunakowalaza watu kitandani majuma mengi.

Wenzo, magogo na mteremko

Sanduku laweza kusogezwa na watu wachache wakitumia akili. Tuseme lina kilo 120. Mkiinua ncha moja tu, ile nyingine ikibaki chini, mwainua nusu, yaani kilo 60. Sasa chukueni mti mgumu wa mita 2 uwe wenzo, na tofali liwe egemeo. Egemeo liwe sentimita 20 kutoka kwenye mzigo. Upande wenu utabaki na sentimita 180, ambayo ni mara tisa. Gawanyeni 60 kwa 9: mtu mmoja atakandamiza kwa nguvu ya kilo 7 hivi, na ncha itainuka. Asitie mkono chini yake. Vipande vya bomba au magogo ya mviringo visukumwe chini kwa kipande cha mbao. Mkisha kuwa na magogo matatu au manne chini ya sanduku, litakwenda sakafuni kama mtumbwi, na gogo lililotoka nyuma lipelekwe mbele tena.

Kulipandisha katika lori, tumieni mbao mbili nene. Ikiwa sakafu ya lori iko mita 1 kutoka chini na mbao zina mita 4, nguvu ya kuvuta ni robo ya uzito, yaani kilo 30, pamoja na ziada ya kushinda msuguano. Mkitumia mbao za mita 2 itakuwa nusu. Ndiyo maana mwenye haraka huchoka na mwenye mbao ndefu hachoki. Wavutaji wakae juu ya lori na kamba mbili. Wengine wakae ubavuni na kabari za mbao, wakizuia kila hatua lisirudi. Chini ya mteremko, nyuma ya mzigo, pawe patupu. Kamba zikikatika mzigo utashuka peke yake, na usimkute mtu.

Ndani ya lori sleti isimame kwa ukingo wake, iegemezwe ubavuni au mbele, blanketi kati yake na chuma, nayo ifungwe juu na chini. Watu wasipande pamoja na mzigo. Barabara ya Juba kwenda Nimule, kilomita 192, ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012, na meza nyingi kutoka Uganda hupita pale bila shida. Zinakovunjika ni katika njia zetu za udongo za mitaani, mwendo wa dakika kumi za mwisho, wakati dereva anapoona amekwisha kufika. Mwambieni aende polepole hadi langoni.

Mzigo ukiponyoka

Ukiona meza yateleza, iache. Usiidake, usiweke mguu kuikinga, ruka kando. Najua mtu huona haya, hasa mali ikiwa ya watu. Lakini meza hununuliwa, na kidole hakiuzwi Konyo Konyo wala Nairobi.

Neno juu ya vitu virefu

Mnaweza siku moja kuombwa mhamishe kitu kirefu na chembamba, kama jokofu la duka la soda au kabati la mchezo wa video la zamani lenye skrini ya bomba la kioo. Hatari yake ni nyingine. Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Mstari ukishuka wima kutoka mahali hapo ukaangukia ndani ya kitako cha kitu, kitasimama. Ukitoka nje ya kitako, kitaanguka. Kabati la mchezo hubeba skrini yake nzito juu, tena kwa mbele, basi mwinamo mdogo tu watosha kuliangusha. Lifungeni kwa mkanda kwenye kigari, mgongo wake ukiegemea kigari, na mmoja alishike juu. Msiifungue skrini ya namna hiyo, maana ndani yake umeme waweza kubaki hata baada ya waya kutolewa ukutani. Jokofu nalo lisafirishwe limesimama. Likibidi kulazwa, lisimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi mahali pake.

Kuifunga tena

Mkifika, rudini nyuma hatua kwa hatua: miguu, sanduku, sleti, mbao za kandokando. Wekeni pimamaji juu ya sleti, kwa urefu na kwa upana, na mtie vipande vya mbao nyembamba chini ya miguu mpaka pawe sawa. Kisha viringisheni mpira mmoja taratibu. Ukienda bila kukata kona, meza i tayari.

Siku ya kazi nitakuja na kigari, mbao za mita 4, kamba na blanketi. Nahitaji watu wazima wanane wenye viatu, na vijana kumi na wawili wa kutoa mawe njiani, kusogeza magogo na kufungua milango. Wengine waliobaki waimbe, kwa kuwa kuimba nako ni kazi, ila wanyamaze msemaji anapoinua mkono.

Msemaji mwenyewe atakuwa yule mwenzangu aliyepoteza vidole vitatu. Nilimwuliza kama atakubali. Akafikiri kidogo, kisha akasema atakuja, lakini atafika saa moja kabla, awafundishe yale maneno matatu.